Swali la Kumi na Saba la Daktari Vodehnal

Twyla Osterman, karani wa mapokezi wa kliniki, aligonga mlango wa chumba cha chai kwa mara ya tatu.

"Dokta, Harlan anasema asipoonwa sasa hivi anarudi kwa nguruwe wake, na huo mguu uoze ukitaka kuoza."

"Mwambie dakika mbili."

"Hizo dakika mbili nilishampa dakika kumi zilizopita."

Daktari Janelle Vodehnal hakuinua macho. Alikuwa amejitenga mle ndani na kompyuta, bakuli lake la maharage limeshapoa, na kwenye kona ya kioo saa ya Bodi inayowapa madaktari wa familia vyeti vyao ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma. Maswali yalimjia kila baada ya miezi mitatu, ishirini na matano kwa mkupuo, kama yanavyowajia madaktari wa familia wengi nchini. Kila swali lilikuwa na dakika tano zake. Kufungua vitabu kuliruhusiwa, lakini mtu aliye daktari pekee wa mji wa Wessel, Nebraska, mwenye watu sita ukumbini wanaokohoa kwa kupokezana, vitabu atavifungua saa ngapi? Alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili. Mihula miwili mfululizo alama zake zilikuwa zimeshuka, na barua ilikuwa imekuja, barua ya adabu kabisa, ikimweleza kwamba alama hizo zikiendelea hivyo itambidi akafanye mtihani wa siku nzima mjini Omaha.

Alikuwa kwenye swali la kumi na saba. Bibi wa miaka sabini na tisa ana kisukari na presha. Figo zake zimekuwa zikipungua nguvu polepole kwa miaka mitatu. Siku hizi anatokwa jasho, anatetemeka, na mara mbili amepotea njia ya kurudi kwake. Kati ya dawa zake tano, utaisimamisha ipi kwanza?

Janelle alichagua ile ya presha. Kioo kikamwonyesha alama nyekundu.

Chini yake yalikuja maelezo, mistari minne tu. Cha kulaumiwa ni kidonge cha zamani cha kushusha sukari. Figo zikichoka hakitoki mwilini, sukari inashuka mno, na kwa wazee dalili zake hufanana na uzee wenyewe. Kwa miaka mingi sasa hakishauriwi kwa wazee.

Aliyasoma mara mbili. Jambo lililomkausha mate ni kwamba halikuwa jipya kwake. Alilijua. Alikumbuka hata kulisoma kwenye jarida, miaka kumi na zaidi iliyopita, akatikisa kichwa kukubali na kufungua ukurasa wa pili. Lilikuwa limemtoka bila kuaga, na yeye hakujua kwamba halimo tena.

Kisha akamkumbuka Milo Kucera.

Milo alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa akifuga ng'ombe wa nyama kilomita kumi na mbili nje ya mji, wale wekundu wenye nyuso nyeupe, kizazi alichokitengeneza mwenyewe kwa miaka arobaini kwa kuchagua dume baada ya dume. Kidonge kile Janelle ndiye aliyemwandikia, miaka kumi na minne iliyopita, wakati kikiwa dawa nzuri kwa mtu mwenye figo nzuri. Tangu hapo kila mwaka duka la dawa lilikuwa likituma ombi la kuongeza, na kila mwaka yeye alikuwa akibonyeza ndiyo, katikati ya maombi mengine hamsini.

Mwaka uliopita Milo alianza kubadilika. Alisahau geti wazi. Alikutwa amekaa kwenye trekta katikati ya shamba, injini inaunguruma, hajui alikuwa anaelekea wapi. Mwezi wa tisa aliliingiza gari lake la pikapu mtaroni mchana kweupe. Janelle alimpima moyo, akampeleka Lincoln kupigwa picha ya ubongo, akampima sukari pale kliniki saa nne asubuhi, Milo akiwa ametoka kula mayai na mkate wa siagi, na sukari ikawa safi. Mwishowe alimwita yeye na mkewe Verna na wana wao wawili, akawaambia kwa upole kwamba huenda akili ya mzee imeanza kuchoka. Leseni ya udereva ikachukuliwa. Mwezi wa kumi na mbili wana wale wakawapakia ng'ombe wote kwenye malori, wakawapeleka mnadani.

"Dokta?" Twyla alikuwa ameusukuma mlango na kuchungulia. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Nitolee faili la Milo. Na wote wa mchana wahamishie kesho."

"Wote? Harlan atanila nyama."

"Harlan nitamwona sasa. Waliobaki, kesho."

Faili lilimwambia alichokuwa ameshakijua. Namba za figo zilikuwa zimeshuka hatua kwa hatua, kila mwaka kidogo, na kila mwaka chini yake kulikuwa na mwandiko wake: *hali inaridhisha.*

Alipiga simu kwa Kucera. Iliita mpaka ikakatika. Alimfunga Harlan kidonda, akachukua mkoba na mashine ya kupimia sukari, akaendesha gari mwenyewe kwenye barabara iliyopakwa barafu. Njiani alijaribu kupanga maneno. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amewapelekea watu wa wilaya ile habari mbaya, na maneno hayakuwahi kumpiga chenga. Siku ile hata sentensi ya kwanza haikupatikana.

Verna alimfungulia akiwa na unga mikononi.

"Nilikuwa bandani kwa kuku, sikuiwahi simu. Kuna nini? Majibu yametoka?"

"Milo yuko wapi?"

"Pale pale. Siku hizi ana kazi gani nyingine?"

Milo alikuwa kwenye kiti cha dirishani, anatazama mazizi matupu. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani ingawa nyumba ilikuwa ya baridi. Saa ilikuwa inakaribia kumi na moja, na kwa mazoea ya nyumba ile chakula cha jioni kilikuwa bado.

"Milo, nipe kidole."

"Kidole tu? Mimi nilifikiri umekuja kuchukua mguu." Ulimi wake ulikuwa mzito.

Mashine ikasema hamsini na mbili. Mtu mzima haitakiwi ashuke chini ya sabini. Janelle akaomba juisi ya machungwa, Verna akaleta glasi kubwa, wakamnywesha. Wakasubiri. Baada ya robo saa macho ya Milo yalianza kurudi, taratibu, kama ya mtu anayeamka. Alimtazama Verna, akamtazama Janelle.

"Kwa nini dokta yuko sebuleni kwangu na mabuti ya theluji?"

Janelle akayavua mabuti, labda kwa kukosa la kufanya. Kisha akasema akiwa na soksi.

"Ni dawa, Milo. Kile kidonge kidogo cha sukari. Figo zako haziwezi tena kukitoa, kwa hiyo kinakushusha. Ule usahaulifu, kutetemeka, gari kuingia mtaroni. Nadhani yote ni kidonge. Mimi ndiye niliyekupa, na mimi ndiye niliyetakiwa kukiondoa siku nyingi zilizopita. Sikukiondoa."

Milo alifikiri.

"Kwa hiyo si kwamba ninazeeka."

"Unazeeka. Ila si kwa kasi ile."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. Verna hakucheka. Alikuwa amesimama na kitambaa cha jikoni mkononi, akijifuta unga uliokuwa umeshaisha.

"Mia moja na kumi na wawili, Janelle," alisema. Verna hakuwahi kumwita kwa jina. Siku zote alikuwa Dokta, hata kanisani. "Ng'ombe mia moja na kumi na wawili. Alisimama pale kwenye geti akawataja majina wakati wanapanda lori. Wewe ulituambia akili imekwisha. Uliwaambia wanangu."

"Niliwaambia. Ndiyo."

"Na leo ndiyo umejua? Nani amekwambia?"

Angeweza kusema alikuwa akipitia mafaili. Hilo lingekuwa karibu na ukweli, na lingemfaa.

"Swali la mtihani," alisema. "Bodi wanatutumia maswali. Nililikosa."

"Na wasingekuuliza?"

Verna akarudi jikoni, na wakasikia droo zikifunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa.

Milo akainama mbele. "Usimjali. Yeye ndiye aliyekuwa akinifungua vifungo vya shati." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Wale ng'ombe hawarudi, sivyo?"

"Hawarudi, Milo."

"Basi kaa unywe kahawa. Umeshavua viatu."

Hakukaa. Alikichukua kile kichupa cha vidonge, akamwandikia Verna kwenye karatasi saa za kumpima na namba za kumpigia, akaiweka mezani kwa sababu Verna hakunyoosha mkono kuipokea.

Wiki mbili zilizofuata yeye na Twyla walipitia faili la kila mtu wa Wessel aliyezidi miaka sitini na mitano. Walikaa baada ya kazi, Twyla akisoma, Janelle akiangalia. Walikuta watu wengine watatu kwenye kidonge kile kile. Walikuta mwanamke anayemeza dawa ya usingizi aliyoandikiwa kwa wiki moja miaka tisa iliyopita. Walikuta mambo mengine madogo, ambayo daktari yeyote angekuwa nayo, Twyla alisema.

"Yeyote nani?" Janelle aliuliza. "Hapa kuna mimi tu."

Hilo ndilo lililokuwa limemfunga. Kama angekuwa na mwenzake mmoja, mtu wa kumwambia hebu nitazamie hili, labda mwenzake angeuliza mbona huyu mzee bado yuko kwenye dawa ya kizamani hivi. Alikuja Wessel akiwa na miaka thelathini na mmoja, na mumewe Gaylen aliyezaliwa pale, kwa makubaliano ya miaka miwili. Daktari wa zamani akafa. Kisha wanawake wa mji wakaanza kuzaa watoto mikononi mwake, na watoto wale wakakua wakazaa, na hao nao akawapokea. Miaka minane sasa hospitali ndogo ya mji ilikuwa ikimtafutia msaidizi. Mmoja alikuja, akakaa miezi minane. Mwingine alikuja kutazama akiwa na mkewe. Mke aliangalia barabara kuu kutoka mwisho hadi mwisho, jambo linalochukua nusu dakika, na hakushuka garini.

Gaylen, aliyekuwa amestaafu kazi ya kupeleka barua, alikuwa na orodha yake ya sababu za kuhama. Binti yao alikuwa Fort Collins, jimbo jingine, na wajukuu wawili waliomjua babu kwa sura ya kwenye simu. Janelle alikuwa ameahidi kwamba akifika sitini wataondoka. Sitini ilipita. Sasa alikwenda nyumbani, akamkuta anamenya karoti, akamwambia anataka kuacha.

Gaylen aliweka kisu chini polepole.

"Kuacha kwa kuacha, au kuacha kama mwaka juzi?"

"Sijui tena ninachokijua, Gaylen. Unaelewa? Nikimshika mtu mkono namwambia haya ni mafua ya kawaida, moyoni najiuliza, nani kasema? Lini? Je, bado ni hivyo?"

"Basi waambie. Kesho. Kabla hujalala ukaamka na huruma."

Kesho yake alikwenda kwa Rodney Bausch, msimamizi wa hospitali, mtu mnene mpole aliyekuwa na tabia ya kunyoosha karatasi zilizonyooka tayari. Kuhusu Milo alikuwa ameshamweleza, na mwanasheria wa hospitali alikuwa ameshapiga simu akasema daktari asizungumze na familia ile. Janelle alimjibu mwanasheria kwamba amechelewa, ameshazungumza nao akiwa na soksi.

"Nataka kuondoka, Rodney. Nakupa miezi sita."

Rodney hakumbembeleza wala hakumtisha. Laiti angemtisha. Alitoa karatasi, akainyoosha.

"Wazee ishirini na sita kwenye nyumba ya wazee, wote kwa jina lako. Wajawazito wawili, mmoja ana presha. Chumba cha dharura, bila daktari wa hapa, tutakifunga mpaka tupate mtu. Hospitali ya karibu ni dakika hamsini kama hakuna theluji." Akaiweka chini. "Sisemi ubaki. Umeniuliza nini kitatokea."

"Sikukuuliza."

"Hapana," alikubali Rodney. "Hukuniuliza."

"Na nikifeli mtihani?"

"Cheti kikiisha, sheria zetu haziniruhusu kukuacha uwatibu. Hata nikitaka. Hata wao wakitaka." Aliinua macho. "Ukifeli, Janelle, nitakufungia mlango mimi mwenyewe, na kesho yake nitaufunga na ule wa dharura. Kwa hiyo tafadhali soma."

Alitoka pale na kile kile alichoingia nacho.

Mji ulijua habari za Milo kabla theluji haijayeyuka. Verna hakuficha. Alihamia kliniki ya wilaya jirani, mwendo wa kilomita themanini, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa nini. Janelle alitegemea watu wamkimbie, na alipokuwa akijisema kweli, alitumaini hivyo. Badala yake walimjia na dawa zao. Walizileta ndani ya mifuko ya mkate, ndani ya soksi, ndani ya makopo ya kahawa, wakazimwaga mezani.

"Hebu niangalizie, Dokta," Harlan alisema, akisukuma chupa moja kwa kidole. "Hii nayo haitaniuzia nguruwe wangu?"

Twyla alimkanyaga chini ya meza, lakini Janelle alisema aache. Kwenye chakula cha jioni cha shule, maharage yenye pilipili na mkate wa mdalasini kama kila mwaka, walimpisha mbele ya foleni. Mwanamke aliyekuwa akigawa alimwekea mikate miwili, akambana mkono na kumwambia, "Kila mtu hukosea, ila wengine hawasemi." Ilikuwa huruma, na ilimnasa kuliko matusi. Mtu aliyetukanwa anaweza kufunga mizigo.

Milo mwenyewe alipata nafuu haraka kuliko Janelle alivyotarajia. Kufika mwezi wa nne alikuwa anazihesabu siku za wiki kurudi nyuma kumwonyesha kila anayepita. Leseni yake ilirudishwa baada ya majaribio. Alikuwa akiendesha pikapu yake hadi mjini, ananunua gazeti, anarudi. Hakuwa na sababu nyingine ya kutoka. Mara moja Janelle alimwona ameegesha kando ya shamba la mtu mwingine, anatazama ng'ombe wa mtu. Alisimamisha gari, akashusha kioo.

"Wazuri?" aliuliza.

"Miguu mibaya," Milo alisema bila kugeuka. "Dume lao halifai. Ningewaambia, lakini nani anamsikiliza mzee?" Kisha akamtazama. "Unasoma?"

"Kila asubuhi."

"Vizuri. Maana nimeshaambiwa sina wazimu, sasa nitaishi sana. Mtu itabidi anihudumie."

"Verna hatakuruhusu."

"Verna hajui kila ninapokwenda," Milo alisema, akawasha gari.

Alama za muhula ule zilikuja chini kuliko zote, na barua ya pili ikaja, na Omaha ikapangwa: mwezi wa kumi, siku nzima. Janelle alisoma kiangazi kizima, kabla ya kazi, vitabu vimetandazwa mezani mpaka Gaylen akaanza kula amesimama. Alisoma kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi. Kila alichokijaza kilimwonyesha kingine kilichokuwa kimevuja: namna mpya ya kutibu pumu, chanjo zilizobadilika, dawa za kisukari zenye majina yasiyotamkika. Mengine alikuwa akiyajua. Hilo lilimshangaza pia. Mengi alikuwa akiyajua vizuri mno, kwa mikono, na hakuna aliyekuwa akimuuliza hayo.

Gaylen hakumwuliza tena kuhusu Fort Collins. Mwezi wa nane alinunua mabegi mapya mawili, akayaweka chumbani, na baada ya wiki moja akalirudisha moja dukani. Janelle aliona.

Siku ya mtihani walimgeuza mifuko nje nje, wakakagua miwani yake ndani na nje, wakamwambia afunge mkufu wake kabatini. Chumba hakikuwa na dirisha. Kushoto kwake kijana mmoja alikuwa akifanya mtihani wa kuuza nyumba, kulia kwake mwanamke alikuwa akilia kimya kimya mbele ya hesabu. Janelle aliweka vidole kwenye kipanya.

Kwenye swali la nne lilimjia wazo, wazi kabisa, kana kwamba mtu amemnong'oneza: feli. Hakuna atakayejua. Chagua herufi *be* kwa kila swali hadi mwisho, toka, kula mlo mzuri mjini, rudi nyumbani umwambie Gaylen arudi dukani akachukue lile begi. Rodney atafunga mlango. Hutakuwa umeuacha mji. Mji utakuwa umenyang'anywa wewe. Utalia kwenye sherehe ya kuagwa, na ndani utakuwa mwepesi kama mtoto.

Swali lilikuwa la mtoto wa wiki tatu mwenye homa. Aliusogeza mshale hadi kwenye *be*. *Be* ilikuwa inasema mrudishe nyumbani, aangaliwe kesho.

Alikaa nao pale. Mtoto hakuwepo, alikuwa wa kwenye kioo, hana jina wala mama. Hata hivyo mkono ulikataa. Alijaribu, kwa kweli alijaribu, kidole kikiwa juu ya kitufe, na mkono ukaenda wenyewe kwenye *de*: mlaze, mpime damu, usisubiri. Baada ya hapo hakujaribu tena. Alijibu maswali yote kwa ukweli, kwa muda wa saa nane, na alipotoka mgongo ulikuwa umekakamaa na kwenye maegesho alishindwa kukumbuka gari lake ni lipi.

Majibu yalikuja wiki ya tano. Alikuwa amefaulu, si kwa kujivunia, ila pasipo shaka. Twyla alioka keki, akaiandikia juu kwa sukari neno moja: *BADO.* Rodney alikuja mwenyewe na mkataba mpya, amekwisha kuunyoosha. Wagonjwa ukumbini walipiga makofi, hata Harlan, ambaye mguu wake ulikuwa umepona kinyume na vitisho vyake vyote. Janelle alitabasamu, akakata keki, akatia saini, na alipokwenda chooni kunawa mikono alijikuta ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili na hawezi kuuachia kwa muda.

Gaylen aliondoka baada ya Sikukuu ya Shukrani. Hapakuwa na ugomvi. Alisema atakaa Fort Collins majira ya baridi, awapeleke wajukuu shule, arudi wakati wa kupanda bustani.

"Utakuja Krismasi?"

"Kuna mapacha wanaotarajiwa wiki hiyo hiyo."

"Ndiyo," Gaylen alisema. Alimbusu kwenye paji la uso. "Kuna supu kwenye friza. Nimeandika tarehe, ule za zamani kwanza."

Mapacha walikuja salama, wa kike na wa kiume, na theluji ikaja nyuma yao, siku nne mfululizo. Barabara ya kwenda wilaya jirani ikafungwa. Siku ya tano, kliniki ikiwa karibu tupu, mlango ulifunguliwa na Verna Kucera akaingia, amejifunga skafu mpaka puani. Milo alibaki nje kwenye pikapu, injini inawaka. Twyla alisimama na kalamu mkononi, hakujua amwandike kama mgonjwa mpya au wa zamani.

"Nimekuja kwa sababu ya barafu," Verna alisema alipokwisha kukaa kwenye chumba cha uchunguzi. "Usije ukafikiri ni kitu kingine."

"Sifikirii kitu."

"Vema." Alifungua skafu. Upande wa shingo, juu ya mfupa, kulikuwa na uvimbe kama punje ya njegere. Alikuwa nao tangu mavuno. Kule kwingine walimwambia si kitu. Sasa alitaka kujua.

Janelle alinawa mikono kwa maji ya moto mpaka ikapata joto, akaugusa. Akauliza maswali, akamfanya ameze mate, akaugusa tena. Zamani angesema neno hapo hapo, kwa ile sauti yake iliyowatuliza watu wa wilaya nzima.

"Sijui," alisema. "Nina ninachokidhani, lakini nataka kuhakikisha kwanza. Nitafungua kitabu hapa mbele yako, kisha nitampigia mtu wa Lincoln. Itachukua muda."

Verna alimtazama. Uso wake haukulainika. Alivua glovu moja, kisha nyingine, akaziweka mapajani.

"Haya, fungua," alisema. "Mimi leo sina pa kwenda."

Janelle akavuta kiti, akaketi, akaanza kusoma, huku Verna akimsoma uso.